Chumvi ya Sinia Moja

Nyuma ya karakana ya reli mjini Thiès, pale ukuta unapokata kona kuelekea msikiti mdogo, kuna benchi lililong'olewa kwenye behewa la daraja la tatu siku mabehewa yale yalipouzwa kama chuma chakavu. Aliyeling'oa hatajwi, kwa kuwa bado analikalia. Kila asubuhi Mama Dior huweka jiko lake la mkaa pembeni mwa benchi, akachuja kahawa ya Touba yenye pilipili yake, akaimimina kutoka juu mpaka itoe povu, na harufu ile huwatoa wastaafu majumbani mmoja mmoja. Watatu hawakosi. Wa kwanza ni Maabara, jina lake halisi Ousseynou Diop. Alikuwa mlinzi wa lango la hospitali, na kwa kuwafungulia madaktari miaka mingi ameamini kwamba elimu yao ilimrukia kama vumbi la magari yao. Wa pili ni Breki, yaani Mbagnick Ndiaye, mtu wa breki kwenye treni za mizigo, ambaye mpaka leo hawezi kumwacha mtu amalize sentensi. Wa tatu ni Birame Thioune, kondakta wa treni ya Bamako enzi zile, mtu mpole wa tasbihi, aliyefiwa na mkewe Ndella kabla ya Ramadhani iliyopita. Ni huyu Birame aliyefika asubuhi hiyo akiwa na uamuzi.

— Asalaam aleikum.

— Waaleikum salaam. Umeamkaje, Birame? aliitikia Breki.

— Kwa amani, alhamdulillah.

— Na watu wa nyumbani?

— Wako kwa amani.

— Na kile kisahani? akadakia Maabara.

Birame alipokea kikombe kutoka kwa Mama Dior, akakishika kwa mikono miwili, akaketi. Kisha akatoa maneno aliyokuwa akiyatafuna tangu sala ya alfajiri.

— Leo mchana narudi kwenye sinia. Kisahani nakirudisha jikoni.

Breki alishusha kikombe chake. Habari ya kisahani ilijulikana kijiweni kote. Ijumaa chache nyuma, baada ya sala, muuguzi wa kituo cha afya aliweka meza kivulini mwa msikiti ili awapime wazee shinikizo la damu, bure kabisa. Breki alikumbuka ghafla kwamba ameacha mlango wazi. Maabara alitorokea mlango wa upande wa wanawake. Aliyebaki akakaa kwenye kiti ni Birame peke yake. Muuguzi alimpima, akampumzisha, akampima tena. Halafu akamwambia ukweli: presha yako iko juu, mzee wangu, tena juu sana. Akaandikiwa dawa za kumeza kila siku. Akaambiwa atembee jioni, apunguze sukari, na zaidi ya yote apunguze chumvi, na ile michemraba ya kukolezea mchuzi, na samaki wakavu wa chumvi.

Birame alirudi nyumbani akasema yote, hakuficha. Na Maguette, mkaza mwana wake, ni mtoto mwenye adabu. Tangu siku ile humpikia baba mkwe kando, kwenye kisufuria kidogo kisichotiwa chumvi. Huweka chakula kwenye kisahani, kisahani kwenye kigoda, na kigoda hukiweka barazani penye upepo. Watu wengine wote wa nyumba huketi mkekani uani kuzunguka sinia. Toka kigodani hadi mkekani hata mtoto anafika kwa kuruka. Lakini Birame alipaona mbali kuliko Bamako.

— Na dawa je? aliuliza Mama Dior bila kuinua macho kwenye jiko.

— Dawa nameza. Siachi. Ninachoacha ni kisahani.

— Sinia lina chumvi, Baba Birame.

— Najua lina chumvi. Lina watu pia.

Birame akaendelea polepole, kama mtu anayesoma maandishi madogo.

— Alipokuwepo Ndella, Mungu amrehemu, yeye ndiye aliyemmega samaki katikati ya sinia, akasukuma kipande mbele ya kila mtu. Kipande changu kilifika bila mimi kunyoosha mkono. Sasa nakuta samaki wangu kesha katwakatwa, ananingoja na kijiko. Kama chakula cha mfungwa. Nasikia wanacheka kule mkekani, najiuliza wanacheka nini.

— Muuguzi alisema nini ukirudi kwenye chumvi? Mama Dior alikuwa haachi.

— Alisema naweza kuanguka.

— Na wewe unasemaje?

— Nasema nimechoka kula peke yangu. Mungu ndiye mjuzi.

Maabara alikohoa kikohozi cha daktari anayeingia wodini.

— Birame, msikilize mtu wa hospitali. Chumvi haina kosa. Kosa ni saa. Mchana jua liko juu, na damu inapanda kulifuata. Wewe kula chumvi yako usiku. Usiku damu imelala.

— Inalala wapi? aliuliza Breki.

— Mgongoni, kama mtu mwingine yeyote.

— Uongo mtupu. Diop akiona wali husahau hata jina la baba yake, sasa anatafuta njia ya kula mara mbili, mchana na usiku!

— Ndiaye naye anasema! Nyinyi babu zenu walikuwa wakilamba masinia yetu sisi.

Huo ni utani wa koo zao, wa tangu mababu, hauna kinyongo. Mama Dior aliwaacha warushiane mpaka wakaishiwa, ndipo Breki akachukua zamu.

— Mimi nasema kitaalamu. Birame, wewe ni mtu wa reli, utanielewa. Breki za treni ni upepo. Upepo ukizidi kwenye bomba, unafanyaje?

— Unaachia.

— Ahaa! Presha ni upepo uliokosa pa kutokea. Mimi kila asubuhi nanusa ugoro kidogo, napiga chafya kubwa, hata mbuzi wa jirani wanakata kamba. Basi, presha imeshuka. Sijawahi kupimwa na sijawahi kuumwa.

— Kama hujapimwa umejuaje kwamba imeshuka? aliuliza Mama Dior.

— Nasikia masikioni. Paa!

— Chafya ni ya watoto, alisema Maabara. Pale hospitali alikuwapo daktari mmoja mgeni, bingwa wa mabingwa. Yeye alisema mwanadamu anaumwa presha kwa sababu anatembea kwenda mbele. Ukienda mbele, damu inakimbilia mbele, inajazana usoni. Dawa ni kutembea kinyumenyume. Kila jioni, toka hapa mpaka stesheni, kinyumenyume.

— Yeye mwenyewe alikuwa akifanya?

— Kila siku.

— Yuko wapi sasa?

— Alitumbukia kwenye mtaro, akarudishwa kwao.

Hata Birame alicheka, na kahawa ikammwagikia gotini. Mama Dior akampa kitambaa. Maabara alinyoosha kikombe akaomba sukari.

— Hiyo ya tatu, Maabara.

— Hii si ya kunywa, mama. Hii ni ya kusindikiza zile mbili. Wahenga walisema dawa ya moto ni moto. Na chumvi ni hivyo hivyo! Birame, ukiiogopa inakushinda. Kula chumvi kwa wingi wiki moja, mwili utaizoea, utaacha kushtuka.

— Kwanza mtu anaitwa mzee kwa nini? alisema Breki. Si kwa sababu amekula chumvi nyingi? Wewe ukiacha chumvi, utazeekaje? Utabaki hapohapo katikati, huzeeki, hufi, pensheni inakuchoka.

— Na damu ni nzito kuliko maji, aliongeza Maabara. Ndiyo shida yako hiyo. Damu yako imezidi uzito. Iongeze maji, itateleza.

Birame aliwasikiliza huku akivuta punje za tasbihi. Alijua ni upuuzi, na alijua wao pia wanajua. Lakini upuuzi wa watu wanaokupenda nao una joto lake, na asubuhi ile alihitaji joto kuliko hekima. Kuanguka alikuogopa. Kigoda cha barazani alikiogopa zaidi.

— Niambieni jambo moja tu, alisema. Nataka kukaa kwenye sinia na watu wangu. Nikae vipi chumvi isinifikie?

Swali hilo liliwapa wazee wawili nguvu mpya. Breki aliinuka kabisa, akachora duara mchangani kwa kidole cha mguu.

— Rahisi. Hili hapa sinia. Chumvi ni nzito, sivyo? Basi chini ya sinia, upande wako, weka kijiwe. Sinia linainama. Chumvi inateremka taratibu, inakwenda upande wa Malick. Malick mwanao ni kijana, ana damu ya kutosha, ataimaliza.

— Nusu umepata, alisema Maabara, akachora kidoti ndani ya duara. Umesahau muhogo. Muhogo unakunywa chumvi kama ngamia anywavyo maji, wapishi wote wanajua. Birame akae jirani na muhogo, ale wali wa pembeni yake uliokwisha kunyonywa. Lakini muhogo wenyewe asiuguse. Muhogo ampe mjukuu.

— Na karoti?

— Karoti ampe Maguette.

— Na ule ukoko wa chini?

— Ukoko una chumvi yote ya sufuria. Ukoko waachiwe wageni.

Mwishoni mwa benchi alikuwa ameketi mtu ambaye hakuwa wa kijiwe. Aliitwa Landing Badji, fundi cherehani kutoka Ziguinchor, wa makamo, aliyepanga chumba mkabala na msikiti juma lile lile. Alikuwa amesalimia, akalipia kahawa yake, akainywa kimya kwa adabu ya mgeni. Sasa aliegemeza mwili mbele akalitazama duara la mchangani.

— Samahanini, wazee wangu. Mimi mgeni, huenda sijafahamu.

— Uliza, fundi, alisema Breki. Kuuliza si ujinga.

— Hiyo chumvi aliyokatazwa mzee, wameachiwa kina nani?

Breki alilitazama duara lake kana kwamba limechorwa na mtu mwingine. Malick, mjukuu, Maguette, wageni: wote walikuwa pale mchangani, kila mtu na fungu lake la chumvi.

— Wao hawajaambiwa, alisema Maabara hatimaye.

— Wamepimwa?

Mama Dior aliinamisha birika lake, likatoa matone mawili tu ya masalia. Kahawa ilikuwa imekwisha, na hakuna aliyelalamika.

Birame alikuwa amesimamisha tasbihi. Alimwona Ndella, kama alivyokuwa miaka yote ya ndoa yao, amepiga goti moja kando ya sinia, anamega samaki. Sinia lile lile. Chumvi ile ile, michemraba ile ile, samaki mkavu yule yule. Kichwa kilikuwa kikimuuma jioni. Walisema ni jua. Walisema ni moshi wa kuni. Walisema ni umri, na Ndella mwenyewe alisema ni kelele za wajukuu, akacheka. Alfajiri moja alichukua kibuyu cha udhu akaanguka kabla hajanawa mkono wa pili. Hospitalini walisema ni kiharusi. Daktari akauliza presha yake ilikuwaje siku zote, na Birame hakuwa na jibu. Hakuna aliyewahi kumpima.

Birame aliamini, na anaamini, kwamba siku ya Ndella ilikuwa imeandikwa. Lakini imamu huwaambia kila mara kwamba mwili ni amana, na amana huulizwa. Birame alidhani ataulizwa amana yake peke yake.

Akasimama.

— Unakwenda wapi? aliuliza Breki. Mchana bado.

— Nakwenda kabla mchuzi haujakolezwa.

Alimkuta Maguette uani, mafuta yamebandikwa motoni, kinu kiko katikati ya magoti yake. Alikuwa akitwanga vitunguu saumu na pilipili manga. Chumvi na michemraba vilikuwa pembeni kwenye kibakuli, bado havijaingia. Kisufuria kidogo cha Birame kilikuwa kinangoja zamu yake.

— Baba, umewahi leo. Unajisikia vibaya?

— Sijambo, mwanangu. Nina neno. Leo usinipikie kando. Nitakula kwenye sinia.

Mchi ulisimama hewani.

— Lakini Baba, muuguzi…

— Muuguzi namsikiliza. Lipike sinia zima kama unavyonipikia mimi.

Maguette alimtazama, akakitazama kibakuli. Birame hakuwahi kusema lolote juu ya mapishi katika maisha yake. Jiko lilikuwa la Ndella, na baada ya Ndella likawa la Maguette, na yeye mwanamume alikuwa akipita pembeni yake kama apitaye pembeni ya msikiti wa mtaa mwingine.

— Baba, watu watasema sijui kupika, alisema kwa sauti ndogo. Mgeni akija akakuta sinia halina ladha, nitasemwa mpaka kisimani.

— Mgeni atakuta ndimu na pilipili. Tia ukwaju. Tia vitunguu, usivihurumie. Akiuliza mtu, sema ni amri ya mzee mkorofi wa nyumba hii.

— Na Malick?

— Malick niachie mimi.

Maguette akaendelea kumtazama, macho yakamlowa kidogo, pengine ni vitunguu.

— Mimi nilidhani nakutunza, Baba.

— Umenitunza, mwanangu, Mungu akulipe. Ila umenitunza peke yangu. Mama yenu naye alikula humu, na hatukujua.

Maguette alikichukua kile kibakuli, akabana chumvi kidogo kwa vidole viwili akaitia kinuni, iliyobaki akairudisha kwenye kopo, na michemraba pia. Halafu akaanza kutwanga upya, kwa nguvu, kama mtu aliyeamua kwamba vitunguu saumu hivi vitafanya kazi ya wote.

Mchana sinia lilitua mkekani. Birame alivua viatu, akaketi mahali pake, mjukuu akamwegemea begani kabla hajajiweka sawa. Bismillahi. Malick alitia tonge la kwanza, akatafuna, akasita, akatazama mbingu.

— Leo sinia limenyamaza, alisema.

— Litie ndimu liongee, alisema baba yake. Na baada ya chakula nina neno na wewe.

Kabla Malick hajauliza neno gani, sauti zilibisha langoni. Walikuwa Breki na Maabara, kofia mkononi, kila mmoja akimsukuma mwenzake mbele.

— Tulikuwa tunapita tu, alisema Breki.

— Mnapita kwenda wapi? Njia hii inaishia kwetu. Njooni mle.

Hawakuhitaji kuombwa mara ya pili. Watu wakasogeana, magoti yakapishana, mkeka ukawatosha. Breki alionja, akavuta midomo, akafikiri.

— Treni hii imetoka stesheni bila filimbi, alisema. Lakini inakwenda. Mwanangu Maguette, huu ukwaju una heshima.

Maguette alifunika mdomo kwa mtandio, akacheka. Mjukuu aliomba ndimu nyingine. Malick, aliyelalamika, alikuwa sasa anafukua upande wake mpaka bati la sinia likaonekana. Birame alikula taratibu. Ladha ilikuwa hafifu, hakujidanganya, na pilipili ilikuwa imezidi. Alimshukuru Mola wake kwa tonge baada ya tonge.

Maabara peke yake hakutoa nadharia hata moja. Alikula kwa kichwa kilichoinama, na Breki alimtania kwamba Diop kunyamaza mbele ya wali ni dalili ya Kiyama. Walipoinuka, Birame alimfuata kwenye birika la kunawia, akamwagia maji mikononi.

— Yule muuguzi, alisema Maabara akitazama povu la sabuni. Anakaa siku gani?

— Jumanne, kituo cha afya.

— Si kwa ajili yangu. Ni mama watoto. Siku hizi akiinuka ghafla anaona nyota.

Birame aliongeza maji kidogo. Hakucheka, ingawa alimjua mama watoto huyo, mwanamke anayekwenda sokoni na kurudi na gunia kichwani huku akiimba.

— Mpeleke, alisema. Na mkifika pale, na wewe kunja mkono wa shati. Usimwache akae kwenye kile kiti peke yake.

Maabara alikung'uta mikono yake, akaifuta kwenye kanzu, mbele na nyuma, kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

— Wanafungua saa ngapi? akauliza.